Sababu ya Kufika

Barua ilimtaka Abednego afike Kibaha Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi, akiwa na maelezo ya uraia wake pamoja na vielelezo. Ilipanda bodaboda kutoka mjini Kisarawe ikiwa imekunjwa mara nne, na mpaka inamfikia mwenyewe huko kijijini Masaki ilikuwa imeshasomwa na mwenye bodaboda, na muuza vocha, na mama mmoja asiyejua kusoma ambaye aliomba asomewe. Wote watatu walimpa pole kabla hajajua kafiwa na nani.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Mtendaji wa kijiji, Hashiru, alikuwa amewahimiza watu wote wakajiandikishe kupata kitambulisho cha taifa, na aliposema wote alimaanisha wote. Abednego akaenda, akapanga foleni, akafika kwa karani. Karani akamwuliza baba yake alizaliwa wapi. Abednego, ambaye ana tabia mbaya ya kujibu anachoulizwa, akasema Fizi. Karani akauliza Fizi iko kata gani, na Abednego akasema kwa heshima zote kwamba iko Kongo. Foleni nzima ilisikia, na wiki mbili baadaye ikaja barua.

Alimkuta Mwanamvua uani akimenya mihogo. Huyu ni mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye mikorosho kumi na saba na vyumba viwili vya nyuma. Katika vyumba hivyo Abednego na mkewe Maria walikuwa wakiishi mwaka wa tatu sasa bila kodi, kwa sababu kila walipotaka kulipa mama huyo aliwauliza amewakosea nini.

"Wanataka nini hao?" aliuliza Mwanamvua.

"Wanataka kujua mimi ni nani, mama."

"Si ungewaambia."

"Niliwaambia. Ndiyo wakaniandikia barua."

Maria alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaisoma ile karatasi yeye mwenyewe, polepole, mpaka kwenye mhuri. Kisha akairudisha kwa mumewe. "Wakiturudisha Fizi, mimi nitafia njiani au nitafia hukohuko," alisema, kwa sauti ileile ambayo angesema unga umekwisha. "Wewe watakuua siku ya kwanza."

Mwanamvua aliacha kumenya. Lakini hakuuliza ni kina nani watakaomwua Abednego, wala kwa nini. Kwa miaka mitatu hakuwahi kuuliza. Watu wa Masaki hawamwulizi mgeni kilichomleta. Anapewa maji, anapewa mkeka, na akitaka kusema atasema mwenyewe, maana kumwuliza ni kumwonyesha kwamba unazihesabu siku zake. Ni adabu nzuri sana, na nusura iwamalize hawa watu wawili.

"Msihangaike," alisema Mwanamvua. "Nitamwita Mwishehe."

*

Mzee Mwishehe alikuwa tarishi wa mahakama ya mwanzo kwa miaka kumi na moja. Kazi yake ilikuwa kupeleka hati za wito na kuchemsha chai ya hakimu, lakini mlango wa ofisi ulikuwa mbovu na haukufungika vizuri, kwa hiyo alisikia kesi nyingi. Alipostaafu alinunua mkoba wa ngozi wa mitumba na kuanza kutoa ushauri. Hakuwa tapeli. Aliamini kila neno alilosema, na hilo ndilo lililomfanya awe wa hatari. Malipo yake yalikuwa jogoo, na kama kesi ni nzito, jogoo na nauli.

Kikao kilifanyika Ijumaa baada ya sala, uani kwa Mwanamvua. Walikuja watu zaidi ya thelathini, wengine kutoka kijiji cha Mzenga, ambao hawakualikwa. Mwishehe alisimama, akaisoma barua kwa sauti ya mahakama, akaikunja.

"Kwa mujibu wa karatasi hii," alisema, "serikali inadai huyu bwana si mtu wa hapa. Nauliza kikao. Huyu si mtu wa hapa?"

"Wa hapa," walijibu.

"Makaburi mangapi amechimba hapa Masaki?"

Walianza kuhesabu. Marehemu Halidi, mume wa Mwanamvua, alikuwa wa kwanza. Wakafika makaburi saba, na mabishano yakatokea kuhusu la nane, kama lile alichimba au alishika tu koleo. Kwa vyovyote ilionekana wazi kwamba mtu aliyewazika watu saba wa kijiji hawezi kuitwa mgeni, na kama serikali hailijui jambo hilo basi serikali inastahili kuelimishwa.

"Basi tumzalie hapahapa," alisema Mwishehe. "Atakuwa mtoto wa marehemu Halidi na huyu mama. Marehemu hawezi kukataa, na mama yuko tayari. Mama, uko tayari?"

"Niko tayari tangu juzi," alisema Mwanamvua, na kwa kweli alikuwa akitabasamu.

Kuanzia hapo kikao kilinoga. Bibi mmoja akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyemzalisha Mwanamvua siku Abednego alipozaliwa, na kwamba mvua ilikuwa inanyesha. Mzee mmoja akasema alikuwa na Abednego jandoni, ingawa yeye ana miaka sabini na Abednego ana thelathini na minane. Mwingine akaeleza jinsi mtoto huyo alivyokuwa mtukutu, jinsi alivyowahi kuanguka kwenye mkorosho akavunjika mkono wa kushoto, na watu wakautazama mkono wa kushoto wa Abednego kwa huruma. Mpaka jua linashuka, Abednego alikuwa na utoto kamili kuliko watu wengi waliozaliwa Masaki kwelikweli.

"Na mimi?" aliuliza Maria. "Mimi nilizaliwa wapi?"

"Wewe tutakuangalia," alisema Mwishehe.

Kazi iligawanywa. Mwishehe alikwenda mjini Kisarawe kuchapisha hati za kiapo, na Jumamosi Mwanamvua akaziwekea dole gumba. Hashiru aliandika barua ya utambulisho, yenye mhuri wa kijiji juu na chini, ikisema kwamba mtajwa ni mzaliwa na mkazi wa kudumu, na Jumatatu akaipeleka Kibaha mwenyewe kwa pikipiki ili kuwatuliza wale maofisa mapema. Kisha akalikumbuka daftari la wageni. Kila mgeni anayelala kijijini huandikwa humo jina lake, atokako, mwenyeji wake na sababu ya kufika, na Abednego naye aliandikwa alipokuja. Hashiru akaufunika ukurasa ule kwa karatasi nyingine, akaibandika kwa gundi ya unga wa muhogo, akaona amemaliza.

Siku zilizobaki zilikuwa za mazoezi. Kila asubuhi Mwishehe alikaa kwenye kigoda mbele ya Abednego na kumwuliza maswali.

"Jina lako?"

"Abedi Halidi."

"Kabila?"

"Mzaramo."

"Vizuri. Sasa nimekupa kiti. Unasemaje?"

"Aksanti, muzee."

Mwishehe alifumba macho. "Ahsante, mzee. Rudia. Usituue na hiyo aksanti yako."

Abednego alirudia mara kumi, mbele ya watu waliokuja kuazima chumvi na kukaa kusikiliza. Alikuwa mwanamume mzima, aliyewahi kuwa na mashua ya kwake katika Ziwa Tanganyika na vijana wanne chini yake. Sasa alifundishwa kushukuru, na kila alipokosea watu walicheka kwa upendo. Maria alikuwa akiingia ndani kila mazoezi yanapoanza. Alisema ana kazi, lakini alikuwa anakaa tu kitandani hadi yamalizike.

*

Jumatano waliondoka kwa kirikuu, kigari kidogo cha kubebea mihogo, wakipitia Mlandizi. Mwanamvua alikaa mbele na dereva. Nyuma, juu ya magunia, walikaa Abednego na Maria, Hashiru na begi lake lenye mhuri na daftari, na Mzee Mwishehe aliyeushika mkoba kifuani. Mpango ulikuwa walale kwa mpwa wa Mwishehe ili kesho yake wawahi. Lakini kwanza, alisema Mwishehe, hati za kiapo zinahitaji mhuri wa wakili, na wakili anataka pesa, ila yeye amefanya utafiti na kugundua kwamba Kibaha kuna ofisi inayotoa msaada wa kisheria bure.

"Bure maana yake na mhuri ni bure," alieleza.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja kando ya duka la vifaa vya shule, na feni iliyozunguka upande mmoja tu. Mwanasheria alikuwa binti wa miaka ishirini na minane hivi, aliyejitanda mtandio wa kijani, jina lake Firdausi. Aliwaamkia wazee mmojammoja, akatafuta viti, vikapungua, Hashiru akasimama.

"Hatutakusumbua, mwanangu," alisema Mwishehe, akifungua mkoba. "Kazi yote nimeifanya. Wewe ni kugonga mhuri tu hapa, na hapa, na hapa."

Firdausi alisoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Akarudi wa kwanza, akaziweka hati mbili sambamba mezani.

"Mzee, shikamoo tena," alisema. "Huyu Abedi na huyu Mariamu ni nani kwa nani?"

"Mtu na mkewe."

"Hapa wote wawili ni watoto wa marehemu Halidi na Mwanamvua binti Zahoro."

Ukweli ni kwamba kule Kisarawe kuchapisha upya kuligharimu zaidi kuliko kubadilisha jina, kwa hiyo Mwishehe alibadilisha jina. Mwanamvua aliwatazama watoto wake wawili waliooana, kisha akamtazama Mwishehe.

"Ni makosa ya uchapaji," alisema Mwishehe. "Tuseme binamu."

"Na hapa mzee mwenye miaka sabini anaapa kwamba alitahiriwa pamoja na mtu wa miaka thelathini na minane."

"Alichelewa," alisema Mwishehe.

Firdausi hakucheka, ingawa ilimchukua muda kidogo kuhakikisha hilo. Alizikusanya zile hati zote, akazitia kwenye droo. "Namshukuru Mungu hizi bado hazijaapwa," alisema. "Zikishaapwa, nyote mmefanya kosa la jinai, kuanzia kwa mama. Naomba mnisamehe, wazee wangu. Nataka kuzungumza na hawa wawili peke yao."

"Mimi ndiye msemaji wake," alisema Mwishehe.

"Najua, mzee. Ndiyo maana."

Mwishehe alitoka akiwa ameumia. Alikaa kwenye benchi nje, chini ya dirisha, na wengine wakakaa naye. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya ile feni.

Ndani, Abednego alijiweka sawa, akakohoa. "Mimi naitwa Abedi Halidi. Nilizaliwa Masaki, wakati wa mvua..."

"Sijakuuliza ulizaliwa wapi," alisema Firdausi. "Kule ulikotoka, kwa nini uliondoka?"

Abednego alikuwa na majibu ya maswali arobaini, na hilo halikuwamo. Katika miaka mitatu ndani ya nchi hii lilikuwa halijawahi kuulizwa. Aligeuka kumtazama mkewe kama mtu anayeomba ruhusa, na Maria ndiye aliyeanza.

"Walikuja siku ya soko," alisema. "Wenye bunduki. Walikuwa wanataka wanaume wa kubeba mizigo kwenda mlimani. Wakamshika huyu. Alikuwa na homa, hawezi kusimama. Kaka yake, Silas, akasema mwacheni, nichukueni mimi."

"Na wakamchukua?"

"Wakamchukua. Baada ya siku mbili alichoka. Wakampiga risasi, wakarudi kumtafuta huyu kwa jina, wakasema familia yetu imewadanganya, imewapa mtu dhaifu. Tulikuwa na mashua. Tulivuka usiku huohuo, na asubuhi lori likatubeba hadi huku Pwani."

"Sikumzika," alisema Abednego. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Kaka yangu. Hakuna aliyemzika."

Kule nje, kwenye benchi, hakuna aliyemtazama mwenzake. Hashiru alilikumbuka koleo la Abednego na yale makaburi saba. Mwanamvua alikuwa amekula naye, amemwuguza malaria mara mbili, amempa jina la marehemu mumewe, na hakuwahi kujua kwamba ana kaka. Aliona aibu kubwa, ya kumfanya mtu atamani kujifunika khanga kichwa kizima, akajifunika.

*

Firdausi aliwaita wote ndani, akaeleza mara mbili ili kila mtu aelewe. Mtu anayekimbia kuuawa ana haki ya kuomba hifadhi, na anatakiwa asikilizwe kwanza kabla ya kurudishwa alikotoka. Lakini anaomba hifadhi kama mgeni. Hawezi kuiomba akiwa Mzaramo wa Masaki. Na kesho saa tatu, juu ya meza ya ofisa, kuna barua yenye mihuri miwili inayosema ni mzaliwa. Ofisa atampigia karani wa vitambulisho, karani atasema alitaja Fizi, na hapo Abednego atakuwa mhamiaji haramu aliyedanganya kwa maandishi. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kumwombea chochote.

"Sheria inamtaka ajitokeze ndani ya siku saba tangu aingie," aliendelea. "Uliwahi kujitokeza kwa kiongozi yeyote?"

"Kwa mtendaji," alisema Abednego. "Siku ya tatu tangu tuvuke."

"Mtendaji wa kijiji anahesabika." Kwa mara ya kwanza uso wa Firdausi ulichangamka. "Aliandika mahali?"

Wote wakamgeukia Hashiru. Yeye alikuwa anaitazama feni.

Daftari lilitolewa kwenye begi. Firdausi aliufikia ule ukurasa uliovimba, akaupitisha kidole. Maria aliomba maji, akalowesha ncha ya khanga yake, akaanza kuisugua ile karatasi ya juu taratibu. Gundi ya muhogo haina ubishi, ikaachia. Chini yake maandishi ya Hashiru yalikuwa mazima, na tarehe, na jina kamili. Atokako: Fizi, Kongo. Mwenyeji: Bw. Halidi na Bi. Mwanamvua. Sababu ya kufika: Kusalimia.

"Kusalimia," alisoma Firdausi. "Kumsalimia nani?"

Hashiru alijipangusa shingo. "Aliniambia vita," alisema. "Aliniambia wamekimbia vita, mke wake analia, miguu imevimba. Sasa dada yangu, mtu ndiyo kwanza kafika, mimi nimwandikie vita? Nitakuwa nimemharibia. Mimi wageni wote huwa nawaandika kusalimia."

Firdausi alifungua kurasa nyingine, na ilikuwa kweli. Kwa miaka sita watu walikuwa wamekuja Masaki kusalimia tu. Alikuwemo mfanyabiashara wa mkaa aliyekuja kusalimia kwa malori mawili. Alikuwemo Shija, mfugaji, aliyekuja kusalimia na ng'ombe themanini ambao walilala kwenye mashamba ya watu. Kulikuwa na mwanamke wa Chole aliyekuja kumdai mumewe talaka, na polisi wawili waliokuja kumkamata mtu, na wote waliandikwa kwamba wamekuja kusalimia.

"Basi utaandika maelezo," alisema Firdausi. "Kwamba alitoa taarifa kwako siku ya tatu, kwamba alikwambia vita, kwamba wewe ukaandika neno lingine na hukuipeleka taarifa mbele. Na kwamba barua ya Jumatatu si ya kweli."

"Nitafukuzwa kazi."

"Inawezekana. Utapewa onyo, labda. Sitakuficha."

"Nina watoto watano."

Abednego alisema, "Mtendaji, kama ni mzigo, acha. Umetutendea mema," na alikuwa anamaanisha, jambo ambalo lilifanya mambo yawe mabaya zaidi kwa Hashiru. Mwishowe Hashiru akaomba kalamu, akaandika ukurasa mmoja na nusu kwa mwandiko wake mzuri wa kiserikali. Alipofika penye neno uzembe alimwuliza Firdausi kama hakuna neno dogo zaidi. Halikuwapo.

"Kuna jambo jingine mnatakiwa mlijue," alisema Firdausi, akiwageukia Abednego na Maria. "Haya yakipita vizuri, hamtarudi kukaa Masaki. Wanaoomba hifadhi wanapelekwa kambini, Kigoma. Huko ndiko watakakowasikiliza. Kambi si nzuri. Lakini hamtarudishwa Fizi kabla ya kusikilizwa, na mtakuwa mnatumia majina yenu."

Maria alimtazama mumewe. "Majina yetu," alisema. "Mimi nataka."

Abednego aliinamisha kichwa kukubali.

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya Mwanamvua, na Firdausi alimsomea. "Mimi, Mwanamvua binti Zahoro, nathibitisha kwamba Abednego na Maria si wanangu, na hatuna undugu wowote wa damu. Niliwapokea nyumbani kwangu wakiwa wageni."

"Soma tena," alisema Mwanamvua.

Akasoma tena.

"Hapo pa si wanangu. Hatuwezi kupafuta?"

"Hapana, mama. Hapo ndipo penyewe."

Mwanamvua aliutazama ule wino wa bluu kwenye kopo. "Wiki iliyopita niliweka dole kwa furaha, na ulikuwa uongo," alisema. "Leo ni kweli, na inaniuma."

"Weka, mama," alisema Abednego. "Mimi najua."

Akaweka. Baadaye alikipangusa kidole kwa khanga, kisha kwa mate, kisha akakisugua ukutani nje, na bado kilikuwa na wino. Machozi yalimtoka bila yeye kujificha, pale kando ya duka la vifaa vya shule, na watu waliokuja kununua madaftari walimpisha.

*

Alhamisi ilichukua saa tano, nne zikiwa za kukaa kwenye benchi. Ofisa aliyewasikiliza alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani na mafua. Aliisoma barua ya Jumatatu, akayasoma maelezo ya Jumatano, akalifungua daftari, akauliza ni nani aliyelowesha ukurasa. Firdausi akajibu. Akauliza maswali mengine kumi hivi, na Abednego akajibu kila alichoulizwa, na safari hii tabia yake mbaya haikumdhuru. Mwishoni ofisa akaandika kwamba jambo hili lipelekwe kwa wanaoshughulikia wakimbizi, na kwamba wakati linasubiriwa watu hawa wasiguswe. Alipompa Abednego nakala alimwambia aketi vizuri asaini.

"Aksanti, muzee," alisema Abednego.

Mzee Mwishehe, aliyekuwa mlangoni, alifumba macho. Lakini walipokuwa wakirudi juu ya magunia alikwishapata nafuu, na walipovuka Mlandizi alieleza kwamba ile ndiyo iliyokuwa mbinu yake tangu mwanzo. Aliwafanya mtu na dada yake makusudi, alisema, ili mwanasheria ashtuke na kuifuatilia kesi kwa undani. Jogoo hakumrudisha, kwa kuwa alikwishaliwa.

*

Hashiru alipewa onyo la maandishi, akalibandika ukutani ofisini mwake kwa gundi ya dukani. Tangu hapo akawa mtu wa kuandika ukweli, na kijiji kikapata taabu. Wageni waliandikwa kwamba wamekuja kukopa, kwamba wamekuja kwa sababu wamefukuzwa na shemeji zao, kwamba wamekuja kumtazama mchumba aliyekwisha kuolewa. Mzee mmoja wa Mzenga alikataa kulala Masaki kwa sababu ya daftari. Watu walisema mtendaji amekosa adabu, naye akawaonyesha ukutani.

Wiki ya saba gari lilikuja kuwachukua Abednego na Maria kwenda Kigoma. Mizigo yao ilikuwa mifuko miwili na gunia la unga wa muhogo ambalo Maria alijaribu mara tatu kulikataa. Nusu ya kijiji ilisimama barabarani. Yule bibi aliyemzalisha alilia sana, na mzee wa jandoni alimpa Abednego fimbo yake. Mwanamvua hakulia. Alimfunga Maria khanga kiunoni vizuri, akamfunga tena, kama mtu ambaye hajaridhika na fundo. Kisha akamshika Abednego mkono.

"Huyo kaka yako," alisema. "Silas. Jumamosi tunamsomea dua. Nimeshawaambia watu. Najua si wa dini yetu, lakini hatuna nyingine."

Abednego aliushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili. Akapanda gari.

Vumbi lilipotulia, Hashiru alibaki kando ya njia na daftari wazi, kwa sababu mgeni anayeondoka naye huandikwa. Aliandika tarehe. Aliandika: aendako, Kigoma. Kisha akasimamisha kalamu.

"Mama, hapa pa sababu," alisema. "Niandike kuhamishwa, au niandike hifadhi? Nataka niandike sawasawa."

Mwanamvua alikuwa ameshageuka kurudi kwake, kuvifagia vile vyumba viwili vya nyuma.

"Andika kaenda kusalimia," alisema.

"Mama, mimi nimeshapewa onyo."

"Kwani hatarudi?"

Hashiru aliitazama barabara, akamtazama yule mwanamke, akalitazama daftari. Kisha akaegemeza daftari kwenye goti, akaandika.

"Soma," alisema Mwanamvua.

Akamsomea: "Sababu ya kuondoka: Kusalimia."